Baba Aliyepatikana Msibani

Paskasi alianza kuwa baba siku mwanawe aliporudishwa ndani ya jeneza. Kabla ya siku hiyo, kwa miaka ishirini na miwili na ushei, hakuna mtu pale Singe, pembeni mwa mji wa Babati, aliyepata kumwona akimnunulia Damasi hata penseli. Aliondoka mtoto hajaota jino, akaaga kwamba anakwenda Mererani kuchimba mawe na kwamba angerudi kabla mbaazi hazijavunwa. Mbaazi zikavunwa, zikapandwa, zikavunwa tena. Christina, mama wa mtoto, akaugua na kufa. Damasi akiwa na miaka mitatu akachukuliwa na Edda, dada mkubwa wa marehemu, fundi cherehani mwenye nyumba hapo Singe na kibanda cha kushonea mtaa wa Bagara, mjane asiye na mtoto. Haikupita muda watu wakamwita Mama Damasi, na jina lile likamkaa kama nguo iliyopimwa.

Damasi akakua, akamaliza kidato cha nne, akaenda jeshini, akapelekwa Kongo kulinda amani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipouawa huko, kambi yao iliposhambuliwa alfajiri. Jeneza lilifika Singe limefunikwa bendera, limebebwa na askari wenye glavu nyeupe, na nyuma yao, kana kwamba ameota kutoka ardhini, akatokea Paskasi analia kwa sauti iliyowashinda wanawake wote wa ukoo. Alijitupa chini mara tatu. Edda, ambaye machozi yalikwisha kumkauka tangu simu ya kwanza, alimtazama vizuri. Mara zote tatu alichagua mahali penye majani.

Tangu hapo Paskasi hakuondoka tena. Alipanga chumba karibu na stendi, akaanza kuitwa Baba Shujaa. Sherehe za shule, mikutano ya kata, harambee ya kanisa, kote alialikwa na kote alikaa mbele. Angekuwa amefuata fedha Edda angemwelewa, maana njaa haina adabu. Lakini Paskasi alifuata kiti cha mbele, na soda inayoletwa imeshafunguliwa, na mshereheshaji anayesema, "Naomba mzee wetu asimame tumwone." Kwa hayo Edda alimdharau kwa dharau safi, isiyochanganyika na hasira, jinsi mtu anavyomdharau nzi aliyetua kwenye maziwa.

Mwaka wa saba tangu kifo, Coletha, mwenyekiti wa mtaa wa Singe, alifika kibandani Bagara na daftari kwapani.

"Shikamoo, Mama Damasi."

"Marahaba. Kaa hapo, sogeza hivyo vitambaa."

Coletha alikaa nusu kiti. "Nimekuja na habari njema. Vile vibao vya majina ya barabara vimefika. Ile ya kutoka mashine ya kusaga kushuka mpaka korongoni, tumekubaliana iitwe Barabara ya Shujaa Damasi. Jumamosi tunazindua. Kutakuwa na turubai, na wageni, na mwenzake aliyekuwa naye Kongo amekubali kuja kutoka Arusha."

Edda aliacha kukanyaga cherehani. Barabara ile aliijua. Wakati wa mvua hata punda huikataa. Lakini Damasi aliipita kila siku akienda shule, na moyo wake ukalainika kidogo.

"Ni vizuri," alisema. "Na nani atamsemea?"

Coletha alifungua daftari ingawa hakuhitaji kusoma. "Baba mzazi ataongea. Kisha mgeni rasmi. Kisha wewe utatambulishwa."

"Kama nani?"

"Kama mlezi, mama."

"Mlezi," Edda alirudia.

"Ni utaratibu tu. Na jambo jingine." Coletha sasa alitazama mlangoni. "Baba Shujaa ameomba wewe ndiye umshonee shati la siku hiyo. Anasema hakuna fundi Babati anayekufikia."

Fundi aliyekuwa na adabu chache angemtemea mate. Edda alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Mwambie aje apimwe."

Alikuja kesho yake asubuhi, amepaka mafuta kichwani na kuvaa viatu vyenye ncha kali. Alikuwa na miaka sitini hivi na tumbo la mtu asiyelima. Alisimama katikati ya kibanda amenyoosha mikono kabla hajaambiwa.

"Mama Damasi, tuko pamoja. Jumamosi ni siku yetu."

"Shusha mikono. Nianze na mabega." Edda alipitisha futi mgongoni kwake. Alikuwa amepima watu kwa miaka arobaini, na aliamini mgongo hausemi uongo. Mgongo wa Paskasi ulikuwa laini kama wa karani wa benki. Hakuna mzigo uliowahi kukaa pale.

"Nataka kola iliyosimama," alisema Paskasi. "Kama ya viongozi."

"Shingo yako fupi. Kola iliyosimama itakumeza." Aliandika kipimo kwa chaki. "Paskasi, Damasi alizaliwa mwezi gani?"

"Eh?"

"Utaongea mbele za watu. Huenda wakauliza."

Paskasi alicheka kidogo. "Wakati wa mvua ile. Mvua za mwanzo."

"Alizaliwa Agosti. Vumbi tupu. Geuka."

Aligeuka haraka, akashukuru kuupa ukuta uso wake. "Mambo ya tarehe ni ya kina mama," alisema. "Baba anabeba mambo makubwa."

"Yapi?"

Edda alimpima kiuno, akaongeza inchi mbili za ubwabwa atakaokula siku hiyo, akamwambia aende. Shati alilishona kwa siku mbili, na alilishona vizuri, pindo limenyooka, vifungo vimekaa mstari mmoja. Hata mtu ambaye Edda alimdharau hakutoka kwake bega moja limeinama. Lakini kila alipokanyaga cherehani alipanga maneno. Jumamosi angeomba kipaza sauti. Hangepiga kelele. Angemuuliza Paskasi maswali matatu mbele ya mtaa mzima: mtoto alizaliwa lini, aliugua nini akiwa na miaka mitano, jino lake la mbele lilivunjikia wapi. Maswali matatu tu, kisha angemwachia ukimya ummalize.

Jumamosi ilifika na upepo wa Julai unaoshuka mlima Kwaraa ukiwa umebeba vumbi lote la Babati. Turubai lilipigwa kando ya mashine ya kusaga. Kibao kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe, na Edda aliona mara moja kwamba kitambaa kile ni shuka la mtu, maana pindo la upande wa mto bado lilionekana pembeni. Paskasi alikaa mbele, katikati ya mgeni rasmi na Coletha, ndani ya shati jipya. Edda alioneshwa kiti safu ya tatu. Kando yake aliketi mwanaume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, anayeburuza mguu wa kushoto.

"Shikamoo, mama. Naitwa Venance. Nilikuwa na Damasi kikosini."

"Marahaba, baba." Edda alimshika mkono na hakuuachia upesi. Mkono huu ulimgusa Damasi baada ya wa kwake kuacha kumgusa. "Mbona msibani hatukukuona?"

"Nilikuwa hospitali. Nilikuja baadaye, nikauliza nyumbani kwa baba yake, wakanielekeza stendi. Nilikaa na mzee siku nzima, nikamsimulia yote."

Edda alitaka kuuliza yote ni yapi, lakini Paskasi alikuwa amekwisha kusimama. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alianza, "huyu mtoto nilimlea kwa jasho. Barabara hii hii mnayoiona, hapa ndipo nilipomfundisha baiskeli. Alikuwa na miaka minane. Nimeshika kiti kwa nyuma, nakimbia, yeye anapiga kelele, baba usiniachie, baba usiniachie! Na mimi, kumbe, nilikwisha kumwachia kitambo. Anaenda mwenyewe. Alipogeuka akaniona nimesimama mbali, mikono kiunoni, nacheka."

Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja mbele alijifuta macho.

Edda aliganda. Kila neno lilikuwa la kweli, isipokuwa mtu. Baiskeli ilikuwa ya marehemu mumewe, Aminiel, kubwa kupita mtoto. Aliyekimbia nyuma ni yeye, kanga imefungwa kiunoni, kandambili mkononi. Aliyesimama mbali na mikono kiunoni ni yeye. Siku ile barabarani hapakuwa na mtu mwingine ila mbuzi wa jirani. Paskasi aliyatoa wapi?

"Na usiku ule wa homa," Paskasi aliendelea, "nilimbeba mgongoni kutoka hapa Singe mpaka hospitali mjini, mvua inanyesha, nikamwimbia njiani asilale."

Mgongo ule ule! Edda aliinuka nusu. Maswali matatu yalikuwa tayari mdomoni. Ndipo aliposikia Venance anavuta pumzi kando yake, na alipomtazama alimkuta analia waziwazi.

"Ni kweli kabisa, mama," Venance alinong'ona. "Damasi alitusimulia hivyo hivyo. Baiskeli, na homa, na nyimbo. Kila mtu lindoni alikuwa na baba wa kumsifia, lakini wa Damasi alitushinda sote. Mwingine alisema hadharani kwamba angetamani kuzaliwa na baba huyo."

Edda alirudi kitini taratibu.

"Damasi mwenyewe ndiye aliyesema?"

"Mwenyewe. Nami nilipomsimulia mzee, alilia. Akaniambia nirudie, nikarudia mara tatu."

Hapo Edda akaelewa. Paskasi hakutunga chochote. Hata kutunga kulimshinda. Aliokota tu. Mtoto aliyekosa baba alijitengenezea mmoja huko ugenini, akamvika matendo ya mama yake mkubwa, na baba huyu aliyekuja kuzika akakuta nguo imeshonwa tayari, akaivaa. Hata uongo aliokuwa nao haukuwa wake.

Lakini kilichomuuma zaidi Edda hakikuwa Paskasi. Paskasi hakuwa na uwezo wa kumuumiza. Kilichomuuma ni kwamba Damasi, kwa kinywa chake, alimfuta barabarani na kumweka mwanaume asiyejua sura yake.

"Na mimi?" aliuliza, akajichukia kwa kuuliza. "Hakunitaja?"

Venance alimtazama kwa mshangao. "Mama, si wewe fundi cherehani? Alikutaja kila siku. Alisema mama yangu yuko Babati, anashona. Kombati yake ilipochanika aliishona mwenyewe, tukamcheka, akasema mkicheka namwambia mama. Mpaka nilipofika leo ndipo nasikia wanakuita mlezi. Sisi hatukujua kama kuna mama mwingine."

Mbele, Paskasi alikuwa amefika vitani. Sauti ilipanda. Damasi sasa alisimama peke yake mlangoni mwa kambi, bunduki kila mkono, na waasi wakaanguka, watatu, watano, kumi.

"Kumi?" Edda aliuliza bila kugeuza kichwa.

Venance aliinamisha uso. "Hapana, mama. Hilo sikulisema mimi. Damasi hakuua mtu. Ilikuwa zamu yake ya kuchota maji. Alikuwa na madumu mawili, mimi mawili. Walianza kupiga kabla hata hatujaona mtu. Yeye alikuwa mbele."

"Alisema kitu?"

"Alisema, maji yanamwagika. Basi."

Mshereheshaji alitangaza kwamba kabla ya mgeni rasmi, mlezi wa marehemu naye asalimie kwa ufupi. Edda alipita katikati ya viti. Paskasi alimpa kipaza sauti akitabasamu, na tabasamu lile lilipungua alipoona macho ya Edda yanavyomtazama, juu mpaka chini, kama anatazama kitambaa kibovu sokoni na kuamua kutokinunua.

Maswali matatu yalikuwa bado pale. Lakini kumwita Paskasi mwongo kungekuwa kumwita Damasi mwongo, mbele ya rafiki yake na mbele ya watu waliokuja kumpa barabara.

"Mimi ni Mama Damasi," alisema. "Mtoto wangu hakuua mtu. Mwenzake aliyekuwepo yuko pale, muulizeni. Alikufa amebeba maji ya wenzake ya kunywa. Hayo ndiyo nataka myajue. Asanteni."

Akarudi kitini. Makofi yalichelewa, yakaja machache, kama matone ya mvua isiyo na uhakika. Mgeni rasmi alitazama saa, akafupisha hotuba yake. Shuka likavutwa, kibao kikaonekana, na mtaa ukaenda kula ubwabwa.

Paskasi alimfuata Edda akiwa ameshika sahani iliyorundikwa nyama. "Umenivunjia heshima, shemeji. Mbele ya mgeni rasmi!"

"Ipi?"

"Watu wanataka shujaa. Nani atamkumbuka mchota maji?"

Edda alimshika mkono, akamvuta nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo Venance hangesikia.

"Sikiliza, Paskasi. Baiskeli nimekuachia. Homa nimekuachia. Unajua ni za nani, nami najua ulizipata wapi. Nimekuachia kwa sababu mtoto alitaka baba, na mwingine hakuwepo. Lakini usimwongezee hata mtu mmoja wa kuua. Ukirudia hao kumi wako, nitasimama tena, na siku hiyo sitakuwa na maneno machache."

Nyama moja ilidondoka, Paskasi akaitazama kwa huzuni kuliko alivyowahi kulitazama kaburi.

"Na kesho," Edda aliongeza, "tunapalilia kaburi. Mwenzake atakuwepo. Wewe unajiita baba. Njoo na jembe."

"Nitakuja," alisema Paskasi. "Nikose kwa nini?"

Kesho yake baada ya misa, Edda na Venance walikuwa kwenye kaburi, pembeni mwa shamba la Edda, kati ya mbaazi na uzio wa minyaa. Paskasi hakuwepo. Venance alipalilia amepiga goti moja, mguu mbovu ameunyoosha pembeni, na Edda akang'oa majani kwa mkono karibu na msalaba. Jua lilipanda. Saa tano ikapita.

"Mzee amechelewa," alisema Venance. "Damasi alisema baba yake akiahidi neno halitanguki."

Edda alikung'uta udongo kwenye vidole. Mbele ya mtaa aliinyamazia baiskeli na homa, na kule kunyamaza alikuona kuna haki. Lakini huyu alikuwa amebeba madumu mawili kando ya Damasi. Hakustahili kurudi Arusha na baba wa kuokota.

"Baba yake alimwacha hajaota jino," alisema. "Aliyekimbia na baiskeli ni mimi. Aliyembeba usiku ule ni mimi. Nilimwimbia nyimbo za kanisani kwa sababu sikujua nyingine."

Venance aliacha jembe. Kisha akauliza, si kwa hasira, "Kwa nini atudanganye sisi?"

"Alikuwa kijana mdogo, mbali na kwao, kati ya wenye baba. Ungefanya nini?"

"Na wewe hukasiriki?"

"Jana nilikasirika, wakati nakusikiliza. Usiku nikafikiri. Angeweza kusema baba yake ni tajiri, ana magari. Alipotaka baba mzuri, hakupata mfano mwingine wa kumtengenezea ila mimi." Alivuta jani lenye mizizi mirefu, likatoka zima. "Huyo mwingine asijisifu. Hakupewa kitu. Liliazimwa jina lake tu."

Venance alitaka kusema jambo, lakini pikipiki iliingia kwa kelele kati ya mbaazi, ikavunja matawi mawili. Bodaboda ilisimama, na Paskasi akateremka nyuma, ndani ya shati la jana na viatu vyenye ncha. Jembe hakuwa nalo.

"Samahanini, nilikuwa na wageni," alisema. Alitazama kaburi, likiwa limepaliliwa lote, udongo umelainishwa na kuinuliwa vizuri. "Kumbe mmeshamaliza! Kazi nzuri. Kijana, hebu nipe hilo jembe."

Venance alimpa, kwa kuwa alilelewa kumpa mzee anachoomba. Paskasi alimkabidhi dereva wa bodaboda simu yake, akapanda juu ya tuta la kaburi apate kuonekana vizuri pamoja na msalaba, akainua jembe mpaka begani, na kukunja uso kama mtu anayevumilia.

"Piga," alisema. "Piga nyingine. Hii ya upande. Jasho linaonekana?"

Hakukuwa na jasho. Dereva alipiga. Venance alisonga mbele ngumi zimekazwa, mguu ukiburuzika, lakini Edda alimzuia kwa kiganja kifuani.

Alimwacha Paskasi mpaka akapigwa picha zote alizotaka. Hakumsonya. Kusonya ni kwa mtu unayetarajia abadilike. Alisimama tu, mikono yake ina udongo, akimtazama mwanaume mzima aliyepewa mtoto hai akamkimbia, akapewa mtoto mfu akampanda.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, shemeji."

"Basi shuka juu ya mwanangu."

Paskasi alitazama chini, akaona aliposimama, akashuka upesi na kujikwaa kwenye maua. Alisema kitu kuhusu mgeni anayemsubiri stendi. Pikipiki ikanguruma, ikapita tena juu ya mbaazi, ikaenda.

Edda alipiga magoti. Viatu vile viliacha mashimo manne yenye ncha, mawili usawa wa kifua cha mtoto. Alianza kuyajaza udongo kwa viganja, akiusawazisha taratibu, na Venance akapiga goti upande wa pili kumsaidia.